Riwaya za ajabu: Sauti ya msomaji wa Kiswahili yamezwa na mtihani

MNAMO Oktoba 2022, Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa, alitangazwa mshindi wa kwanza wa tuzo iliyopewa jina la marehemu Ursula K. Le Guin, gwiji wa riwaya za fantasia na bunilizi za kisayansi nchini Marekani. Kitita cha tuzo hiyo kilikuwa dola 25,000.

Riwaya iliyomletea sifa hizo ni The House of Rust, iliyochapishwa mwaka wa 2021. Inamhusu Aisha, msichana wa jamii ya Wahadhrami wa Mombasa, ambaye baba yake mvuvi ametoweka baharini. Aisha anaabiri chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiandamana na paka anayesema, na kukabiliana na madubwana ya kilindini ili amrejeshe mzazi wake nyumbani.

Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi wa pwani ataitambua bahari hiyo. Hata hivyo, riwaya yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, na mjadala mkubwa kuihusu uliendeshwa ng'ambo. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza ngoma ya kwao, akatuzwa ugenini.

Jambo moja kuhusu tuzo hiyo halikuzungumziwa sana hapa nchini. Hatua yake ya kwanza iko mikononi mwa umma, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kupendekeza kitabu alichokisoma. Baadaye orodha huchujwa, na jopo la waandishi hutoa uamuzi wa mwisho. Kwa maneno mengine, safari ya kitabu kuelekea kwenye tuzo huanza pale msomaji mmoja anapomwambia mwenzake kwamba hiki ni kizuri, naye yuko tayari kukitetea.

Hapo ndipo penye kasoro yetu. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakina riwaya za fantasia wala za kisayansi. Lalama hizo hazina msingi. Riwaya tunazo. Tulichokosa ni wasomaji wanaozijadili kwa hiari yao.

Hebu tutazame ghala letu. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka wa 1951. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, na Karama, aliyeshtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria, anasimama kizimbani kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa kuwa nyani. Huyu ni mwandishi tunayemwita baba wa nathari ya Kiswahili, na misingi aliyotujengea ilikuwa na majini na nchi za angani.

Marehemu Katama Mkangi, mwanasosholojia na mwandishi aliyefariki mwaka wa 2004, alichapisha Walenisi mwaka wa 1995. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kufa kwa kutiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani. Badala ya kuangamia, anajifunza kukiendesha, na kinamfikisha katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Hapo pana chombo cha anga, pana sayansi na pana swali zito la siasa, yote kwa Kiswahili.

Kisha yupo Said Ahmed Mohamed, ambaye katika Babu Alipofufuka, ya mwaka wa 2001, anamtoa marehemu kaburini aje kumsumbua mjukuu aliyelewa mamlaka. Kyallo Wadi Wamitila alifuatia na Bina-Adamu! mwaka wa 2002, riwaya inayomzungusha msimulizi wake mabara kadhaa katika dunia iliyopinduka kama ndoto. Kabla yao, Euphrase Kezilahabi alikuwa ameuvunja kabisa mpaka wa uhalisia katika Nagona na Mzingile, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hazina hiyo si haba. Lakini ni lini mara ya mwisho wewe, mpenzi msomaji, ulipomsikia mtu ndani ya matatu, kazini au hata kwenye karamu akibishana na mwenzake kuhusu Dzombo?

Aghalabu, mazungumzo yetu kuhusu riwaya yamefungwa ndani ya karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ile ya fasihi. Mwanafunzi hufunzwa kuorodhesha maudhui, kuwataja wahusika na sifa zao, na kubainisha mbinu za lugha kwa mifano. Akishaufanya mtihani, huweka kitabu kando, au humuuzia mwanafunzi wa kidato cha nyuma. Hajaulizwa hata mara moja ikiwa kitabu kilimfurahisha, kilimtisha au kilimchosha.

Matokeo yake ni kwamba vitabu visivyoteuliwa kutahiniwa husahaulika. Utengano, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri vimejadiliwa na maelfu ya vijana kwa kuwa viliteuliwa. Kijana anayeweza kuichambua Utengano kutoka jalada hadi jalada huenda hajui kwamba mwandishi huyohuyo aliandika kisa cha babu aliyefufuka.

Nje ya darasa, maoni yanayotolewa kuhusu riwaya hizi huwa ya aina mbili. La kwanza ni kwamba mambo hayo hayawezekani. La pili ni kwamba huo ni ushirikina usiofaa nyumba ya mcha Mungu. Maoni yote mawili hufunga mlango kabla ya mgeni kubisha hodi. Anayesema kwamba mtu hawezi kufufuka hajaanza kuuliza kwa nini mwandishi amemfufua huyu, mbele ya mjukuu huyu, katika nchi kama hii.

Mwandishi wa makala haya hawezi kujitoa lawamani. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mhariri chipukizi, niliwahi kupokea barua ndefu ya msomaji kuhusu Babu Alipofufuka. Alipinga riwaya hiyo kuitwa fantasia. Kwao, alieleza, wafu hushauriwa kila panapotokea jambo zito, kwa hivyo mwandishi hakubuni ajabu yoyote ila alieleza desturi. Nilikuwa na nafasi finyu ukurasani. Niliipunguza barua hiyo hadi aya mbili, nikabakisha pongezi kwa mwandishi na kuondoa hoja. Nimesoma tahakiki nyingi za kitaalamu tangu wakati huo, na chache zimeuliza swali zito kama lile nililolifuta kwa kalamu nyekundu.

Wenzetu walianza vipi? Mnamo 1926, Hugo Gernsback alianzisha jarida la Amazing Stories nchini Marekani, lililojishughulisha na hadithi za kisayansi pekee. Mbali na hadithi, alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao, kisha wakaanza kukutana, wakaunda vyama na hatimaye makongamano. Baadhi yao wakawa waandishi. Tuzo za Hugo, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1953, zinabeba jina lake, na hupigiwa kura na wanachama wa Kongamano la Dunia la Bunilizi za Kisayansi, wengi wao wakiwa wasomaji wa kawaida.

Kura hizo zimebadilisha mengi. Mwaka wa 2015 zilimpa ushindi Liu Cixin wa Uchina, kwa riwaya iliyotafsiriwa kutoka Kichina. Kuanzia 2016 hadi 2018 zilimpa N.K. Jemisin, Mmarekani mweusi, tuzo ya riwaya bora mara tatu mfululizo, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa na yeyote.

Hata hivyo, tusidhani kwamba huko mambo ni shwari. Mwaka huohuo wa 2015, makundi yaliyochukizwa na mwelekeo mpya wa tuzo yalipanga orodha za pamoja za uteuzi ili kuteka nafasi nyingi. Wapigakura wengine walijibu kwa kuamua kwamba katika vitengo vitano asitunukiwe yeyote.

Makubwa zaidi yalifuata baada ya kongamano la Chengdu, Uchina, la Oktoba 2023. Takwimu zilizotolewa Januari 2024 zilionyesha kwamba Babel, riwaya ya R.F. Kuang, ilipata mapendekezo ya kutosha lakini ikatangazwa kuwa haistahiki, bila maelezo. Mwandishi Xiran Jay Zhao alitendewa vivyo hivyo. Mwezi uliofuata, baruapepe zilizofichuliwa zilionyesha kwamba wasimamizi walikuwa wamewachunguza waandishi na kazi zao ili kubaini yaliyoweza kuudhi siasa za Uchina. Kisha mnamo Julai 2024, wasimamizi wa kongamano la Glasgow walibatilisha kura 377, karibu asilimia 10 ya zilizopigwa, baada ya kubaini udanganyifu.

Sisi Wakenya tunazifahamu hadithi za kura zilizohesabiwa vibaya, na huenda tukacheka. Lakini kuna funzo. Hakuna anayejisumbua kuiba kitu kisicho na thamani. Maoni ya msomaji yakishakuwa na uzito, watajitokeza wa kuyanunua, wa kuyazima na wa kuyaghushi. Yetu hayajawahi kuibwa kwa sababu hatujayapa bei yoyote.

Je, tatizo ni kwamba Mswahili si mtu wa mjadala? La hasha. Kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili zimekuwa uwanja wa malumbano kwa vizazi. Mshairi wa Lamu hutoa hoja kwa tarbia, akajibiwa na wa Kakamega, akaja wa tatu kutoka Tanga kuwasuta wote wawili kwa vina na mizani. Hakuna mwalimu aliyewatuma, wala mtihani uliowangoja. Waliandika kwa kuwa waliamini kwamba kuna mtu atasoma na kujibu. Waama, alichokifanya Gernsback kwa barua, sisi tulikifanya kwa ushairi. Hatukukihamishia kwenye riwaya.

Watakuwepo watakaosema kwamba kikwazo ni mfuko. Hoja hiyo haipuuziki. Sheria ya mwaka wa 2013 iliviwekea vitabu ushuru wa thamani wa asilimia 16. Wachapishaji wetu nao hutegemea soko la shule, na kitabu kisichoidhinishwa kwa matumizi ya darasani ni mzigo wa hasara. Mzazi anayehangaikia karo hawezi kulaumiwa kwa kutonunua riwaya ya safari za angani.

Lakini umaskini hauelezi kila kitu. Nakala moja ya riwaya inaweza kusomwa na watu 10, na mjadala hautozwi ushuru. Isitoshe, vijana wetu hutazama filamu za mashujaa wanaopaa na vita vya sayari, nao huzijadili usiku kucha, wengi wao kwa Kiswahili na Sheng'. Ari ya kubishana kuhusu mambo ya ajabu wanayo tele. Hakuna aliyewaambia kwamba Dzombo aliruka angani akiwa na jina la kwao.

Athari za kimya hiki ni nzito kuliko zinavyoonekana. Mwandishi asiyesikia chochote kutoka kwa wasomaji wake huwa na njia mbili. Huandika kile ambacho kamati ya uteuzi wa vitabu vya shule itakikubali, au huhamia lugha ambayo wasomaji wake hujibu. Hatuwezi kumlaumu Bajaber kwa lugha aliyoichagua. Mwandishi ana uhuru wake. Tunapaswa kujiuliza kama hadithi ileile, ingeandikwa kwa Kiswahili, ingepata hata wasomaji watano wa kuipendekeza popote.

Marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, alionyesha kwamba mkondo unaweza kugeuzwa. Murogi wa Kagogo, riwaya yake iliyojaa uchawi na vituko vya mtawala, aliiandika kwanza kwa Gikuyu, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza na kuichapisha mwaka wa 2006. Dunia ilimfuata alikokuwa. Iwapo Kichina na Gikuyu vimeweza, Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji kina udhuru gani?

Yanayohitajika si makubwa. Walimu watenge angalau kipindi kimoja kwa muhula ambacho mwanafunzi ataulizwa maoni yake kuhusu riwaya isiyotahiniwa, na asipewe alama. Magazeti, likiwemo dawati ninaloketi, yafungulie riwaya nafasi kama ile ya mashairi, na barua yenye hoja isikatwe ikabakishwa pongezi. Wanaosimamia tuzo za fasihi ya Kiswahili nao watafute namna ya kuwashirikisha wasomaji katika mapendekezo, wakijifunza pia kutokana na madhila ya Chengdu kwamba hesabu ya kura hufanywa hadharani.

Na wewe msomaji, una wajibu. Itafute Walenisi au Kusadikika, maktabani au kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Isome, kisha umtafute mtu wa kubishana naye. Ikikuchosha, sema imekuchosha na ueleze ni wapi. Riwaya hufa kwa kunyamaziwa, si kwa kupingwa.

Mkangi alipoibuni ile nchi ya mbali, aliipa jina ambalo ukilitamka polepole hujifungua lenyewe: wale ni sisi. Zimepita zaidi ya miongo mitatu tangu atuambie hivyo, na hadi leo wengi wetu hatujamjibu.