Ukibadili Moyo wa Gari, Uso Usiseme Uongo

Mwezi uliopita niliitwa Mwingi. Aliyeniita ni mzee mmoja wa Kikamba, mstaafu, tuliyejuana zamani alipokuwa akifanya kazi Mombasa, na alichoniitia si utenzi wala hotuba ya harusi. "Ustadh," aliniambia kwa simu, "njoo uniandikie maneno ya gari. Nataka kuliuza, na wewe ndiye mwenye ulimi."

Nikashika njia ya Kibwezi, nikapita Mutomo na Kitui, hata nikafika Mwingi, mji ulio kwenye barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, katika nchi ya jua kali na vumbi jekundu. Baada ya kusali adhuhuri katika msikiti wa mjini nilipelekwa kwenye gereji iliyo chini ya mti. Hapo ndipo nilipoliona: Datsun 240Z, pua ndefu, mgongo umeinama nyuma, limepandishwa juu ya magogo. Giaboksi ilikuwa chini juu ya gunia, na dashibodi imeng'olewa, imelazwa juu ya meza, nyaya zake zikining'inia.

Wasomaji wa rika langu hawana haja ya kuelezwa gari hilo ni lipi. Ndilo lililoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mehta huyo alikuja kushinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, kwa Datsun za namna nyingine. Sisi watoto wa Mji wa Kale tuliyasikia hayo redioni kila Pasaka. Tukitoka chuoni, msahafu ukishawekwa mahali pake, tulikimbiza magari yetu ya waya vichochoroni, na kila mmoja wetu alikuwa Mehta.

Lile gari la ushindi wa 1971 limehifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Zama, Japani. Ndugu zake waliosalia huku kwetu ni wa kuhesabika, wala si rahisi waongezeke, kwani kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8. Kwa hivyo kila moja lililobaki ni amana, na anayelitengeneza anashika amana hiyo hata kama hati ya umiliki haina jina lake. Hilo ndilo nililokusudia kulisema leo.

Tuanze na giaboksi. Ile ya asili ilikuwa imechoka. Fundi, kijana asiyezidi miaka 30, aliifungua mbele yangu akanionyesha ringi za shaba, zile zinazosawazisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana. Zilikuwa zimelika zikawa laini kama pete ya bibi kizee. Meno ya gia ya pili yalikuwa yamepukutika ncha. Vipuri vyake vimekuwa adimu, basi akatafuta mpaka akapata giaboksi ya 280ZX, nduguye mdogo aliyeundwa kati ya 1978 na 1983. Ina gia tano, na inashikana na injini ile ile ya silinda sita.

Najua wako wapenzi wa magari ya kale watakaoguna. Miongoni mwa wanaohudhuria maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi wamo wanaoshikilia kwamba gari lililotiwa kiungo cha gari jingine si lenyewe tena. Mimi nimezaliwa mahali penye majahazi, na siwezi kukubaliana nao. Jahazi hutolewa ubao uliooza ukatiwa mwingine, likapigwa kalafati upya, likabadilishwa hata mlingoti, na bado watu wa Lamu hulitambua kwa jina lake tangu likiwa mbali. Chombo kisichokwenda ni kuni. Gari nalo lisiloingia gia ni banda la kuku.

Lakini ruhusa hiyo ina masharti. Kwanza, fundi asikate bodi ili kulazimisha kiungo kigeni kiingie, maana kilichokatwa hakirudi. Pili, kiungo cha zamani kisitupwe. Ya mzee ilifutwa, ikapakwa oili, ikatiwa katika sanduku la mbao, iende pamoja na gari. Pengine atatokea siku moja mtu mwenye uwezo wa kuifufua. Tatu, mabadiliko yasifichwe. Hilo la tatu ndilo lililotupa kazi.

Dashibodi ina fikihi yake. Ile ya 240Z ni kipande kimoja kirefu, ngozi ya plastiki iliyovikwa juu ya sponji, ndani yake mna kiunzi cha chuma. Jua la miaka 50 hukausha mafuta yaliyomo katika plastiki, ngozi ikasinyaa, ikapasuka juu ya mageji. Nilihesabu nyufa saba, mbili kati yake kidole changu kidogo kikiingia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila kuna kuziba na kuna kufunika. Ipo kofia ya plastiki inayouzwa, hubandikwa juu kwa gundi mchana mmoja, nyufa zisionekane. Chini yake ufa unabaki ufa, na gundi hiyo ikishashika, atakayekuja kutengeneza baadaye ataibandua pamoja na ngozi yenyewe.

Kijana yule alichagua njia ndefu. Alikata kila ufa kwa wembe upate kingo safi, akajaza dawa laini inayonyumbuka joto likiongezeka, akapiga msasa, akarudisha vinyweleo vya ngozi, kisha akapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Siku nane kwa kazi hiyo peke yake. Nilimuuliza kwa nini hakutia putii ngumu ya bodi. Akanijibu, "Mzee wangu, ile ikikauka haisogei. Dashibodi ikipanuka na jua, itapasuka pembeni yake." Nikakumbuka nyumba zetu za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Ukuta wa matumbawe na chokaa ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, na plasta huishia kubanduka na mawe yake. Fundi wa Mwingi na mwashi wa Lamu hawajapata kuonana, na elimu yao ni moja.

Sasa sikiliza, msomaji, jambo ambalo sikulijua kabla ya siku ile. Giaboksi na dashibodi, moja chini ya sakafu na nyingine mbele ya macho, zimeunganishwa kwa waya mmoja. Mkiani mwa giaboksi mna gurudumu dogo la meno, mafundi huliita pinioni. Hilo huzungusha waya ulio ndani ya ala yake, waya ukapanda hadi nyuma ya dashibodi, ukazungusha sumaku ndani ya kipimamwendo, na mshale ukapanda. Waya huo huo ndio unaosukuma tarakimu za maili. Idadi ya meno ya pinioni hulinganishwa na difu ya gari na ukubwa wa magurudumu. Ukitia giaboksi ya gari jingine pamoja na pinioni yake, hesabu huvunjika.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulipolijaribu kwenye barabara ya Garissa, tukielekea Nguni, mshale ulisema maili 50 kwa saa, na simu ya kijana, inayopimiwa na setilaiti, ikasema 45. Pinioni iliyokuja na giaboksi ilikuwa na meno 18, na gari lilitaka 20. Maana yake, kila maili 90 za kweli uso ungeandika 100. Hapana aliyekusudia uongo. Umebadili moyo tu, na uso umeanza kusema yasiyokuwapo. Kijana alihangaika siku mbili hata akapata pinioni ya meno 20 katika mabaki ya pikapu ya Datsun, akaitia, na mshale ukapatana na simu.

Hapo ndipo fitina ilipoingia. Kabla yangu alikuwa amekuja dalali, akamshauri mzee mambo mawili: maadamu kipimamwendo kimekwisha kufunguliwa, tarakimu zirudishwe nyuma; na katika tangazo iandikwe kwamba kila kitu ni cha asili, hakijaguswa. Bei ingepanda. Mzee si mwizi, ila ana mjukuu chuo kikuu na karo haingoji. Ndiyo maana aliuhitaji ulimi wa mshairi.

Nami nina kidonda changu. Mwaka 1998 nilinunua gari langu la kwanza, tarakimu zikisema kilomita elfu 60. Injini ilikufa kabla ya mwaka kwisha. Ndipo nilipokuta, kimebandikwa ukingoni mwa mlango, kijikaratasi cha kubadilisha oili kilichoandikwa elfu 140. Aliyeniuzia hakutia mkono mfukoni mwangu. Alizungusha vigurudumu vitano tu, na nilipoteza akiba ya miaka minne.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba aibu ya bidhaa husemwa kabla ya kuuza, na kwamba mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kuirudisha. Tulihadithiwa jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini ya ukavu, akamkemea mwenyewe kwa kuficha kilicholowa. Dashibodi ni lile rundo. Kilichoko juu ni cha kutazamwa, na mnunuzi anakwenda na kilichoko chini.

Basi niliandika hivi: Injini ni yake. Giaboksi ni ya 280ZX. Yake ya asili imo sandukuni na inakwenda na gari. Dashibodi ni yake, imezibwa nyufa saba. Pinioni imebadilishwa ili kipimamwendo kiseme kweli. Tarakimu za maili hazijaguswa.

Mzee aliisoma mara mbili. "Ustadh," akasema, "nilidhani utanitilia vina." Nikamwambia vina nitamtilia gari likishauzwa. Alinyamaza kitambo akiitazama ile dashibodi, ambayo sasa ilikuwa imerudi mahali pake, nyeusi, imetulia. Kisha akamwita fundi amsomee kwa sauti, na kijana aliposoma habari ya nyufa saba nilimwona akitabasamu, maana ilikuwa kazi yake inayotajwa.

Hadi ninapoandika haya, gari halijauzwa. Pengine karatasi yangu imemkosesha mzee bei, na hilo linanikera usiku. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na gari hili limeundwa kwa safari ndefu. Wenye magari ya kale Mombasa, Malindi na kwingineko, nawaomba jambo moja dogo: wekeni daftari ndani ya gari, muandike kila kilichotolewa na kila kilichotiwa, pamoja na tarehe. Atakayelirithi atajua alichopewa, na fundi aliyekesha juu yake hatasahauliwa.