ODM yatafuta Baba mwengine. Sisi Wapwani twatafuta nini?

Tangu katikati ya Oktoba, barazani kwetu mada ni moja. Tukisharudi msikitini baada ya Isha, kahawa ikishamiminwa na kashata kuzunguka, lazima mtu aulize: "Haya, chungwa sasa laenda na nani?" Mmoja humtaja Joho. Wa pili husema Oburu ndiye mwenye nyumba, aachwe. Kijana wetu anayeuza makava ya simu husema yeye ni Sifuna, na kwamba hao wengine washakula sahani moja na serikali. Hapo kelele huanza.

Juzi mzee mmoja wa miaka themanini na kitu, ambaye siku zote hutusikiliza tu huku akizungusha kikombe chake, alitukatiza. "Nyinyi mwatafuta mtu," akasema. "Kwani Ronald Ngala hakuwa mtu?" Kisha akaaga, akenda zake kulala. Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Tuanze na hali ilivyo. ODM ilitokana na kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005, ambapo upande wa La ulipewa alama ya chungwa. Tangu hapo chama hiki, peke yake au ndani ya muungano, kimeingia kwenye chaguzi za urais na jina moja tu, Raila Odinga: 2007, 2013, 2017 na 2022. Mara zote hakuapishwa kuwa rais, ingawa ule wa 2007 uliishia kwenye serikali ya nusu mkate na ule wa Agosti 2017 ulifutwa na Mahakama ya Juu. Februari 2025 alishindwa tena, safari hii Addis Ababa, alipowania uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Tarehe 15 Oktoba akafariki nchini India. Siku ya pili yake chama kikamkabidhi hatamu kaka yake, Seneta wa Siaya Oburu Oginga, ambaye umri wake umepita miaka themanini. Novemba wakaja hapa Mombasa kusherehekea miaka 20 ya chama. Shangwe zilikuwepo, hotuba zilikuwepo. Lakini swali la nani atawatoa watu majumbani alfajiri ya siku ya kura 2027 liliondoka kama lilivyokuja.

Sasa turudi kwa mzee na Ngala wake.

Vijana wengi wanajua jina la Ngala kwa sababu ya barabara. Wachache wanajua kwamba Pwani iliwahi kutoa kiongozi wa chama cha kitaifa. KADU iliundwa mwaka 1960 na Ngala, mtu wa Kilifi, akawa rais wake. Kilikuwa chama cha jamii zilizoogopa kumezwa na zile kubwa, na sera yake kuu ilikuwa majimbo. Mei 1963 KADU ikashindwa na KANU. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Novemba 1964, ikajivunja yenyewe, wabunge wake wakahamia upande wa serikali kwa jina la umoja wa taifa. Ngala baadaye akapata uwaziri. Majimbo yakafutwa. Sisi tukakaa hadi katiba ya 2010, na kaunti hazikuanza kazi hadi 2013. Ni karibu nusu karne.

Kwa hivyo mzee alikuwa na haki. Mtu tulikuwa naye, na alikuwa mzungumzaji hodari. Kilichokosekana baada ya kushindwa ni chama kubaki nje kikiuliza maswali. Walipoingia wote ndani, hapakuwa na aliyebaki wa kusema, "Na yale majimbo mliyotuahidi yako wapi?"

Kisa cha pili kinaihusu nyumba ya Odinga wenyewe. Mwaka 1992 Jaramogi Oginga Odinga aliwania urais kwa Ford-Kenya, akashindwa. Sisi Mombasa tulikuwa ndani ya mambo hayo. IPK iliponyimwa usajili, wengi wa wafuasi wake waliiunga mkono Ford-Kenya. Nilikuwa mtoto wa shule, lakini nawakumbuka wazee wakirudi mikutanoni sauti zimekauka. Januari 1994 Jaramogi akafariki. Uongozi ukashikwa na Wamalwa Kijana, Raila akautaka, na uchaguzi wa chama uliofanyika Thika mwaka 1996 ukaishia kwa vurugu. Raila akahamia NDP. Ford-Kenya ipo hadi leo, lakini ile nguvu ya nchi nzima, ya Mluhya, Mjaluo na Mswahili kusimama mstari mmoja, haikurudi tena. Chama hakikuuliwa na kifo cha mzee. Kilikosa njia ambayo pande zote ziliiamini ya kumpata anayefuata.

Na ODM yajua ugonjwa huu. Februari 2014, wajumbe walipokutana Kasarani kuchagua viongozi, wanaume waliovaa suti nyeusi walivamia na kupindua masanduku ya kura. Mmoja wa waliokuwa wakiwania siku hiyo, nafasi ya katibu mkuu, ni Seneta Agnes Zani wa hapa kwetu. Baadaye mambo yakapangwa kwa mazungumzo, na tangu hapo mambo mengi makubwa ya chama yamekuwa yakipangwa hivyo. Joho na Oparanya waliitaka tikiti ya urais ya 2022. Mwishowe walimwachia Raila kabla ya mjumbe yeyote kupiga kura. Hapa Mombasa Suleiman Shahbal alimwachia Abdulswamad Nassir ugavana, vilevile baada ya mazungumzo. Sisemi mazungumzo ni mabaya. Wakati mwengine yamezuia damu. Lakini mazungumzo yale yote yalikuwa na mwamuzi mmoja ambaye kila mtu alimheshimu au alimwogopa, na mwamuzi huyo sasa hayuko.

Tuvuke mpaka kidogo, hapo Unguja na Pemba, kwa ndugu zetu. Maalim Seif Sharif Hamad aliwania urais wa Zanzibar mara sita, kutoka 1995 hadi 2020, na mara zote sita mwengine akatangazwa. Mwaka 2019 alipotoka CUF kuingia ACT-Wazalendo, neno lilikuwa "shusha tanga, pandisha tanga", na wafuasi wakahama naye kana kwamba ni nyumba moja inahama mtaa. Huo ni mtu zaidi ya chama. Alipofariki Februari 2021, wengi tulidhani yamekwisha. Hayakwisha. Akaja Othman Masoud Othman, mwanasheria mpole asiye na chochote cha Maalim jukwaani. Lakini watu walikuwa na kitu cha kumkumbuka nacho: mwaka 2014, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara za katiba iliyopendekezwa, na akapoteza cheo chake. Machi 2024 chama kikafanya uchaguzi, akawa mwenyekiti, na Zitto Kabwe akaachia uongozi wa chama kwa sababu muda wake kikatiba ulikuwa umekwisha. Nafasi ile akaichukua Dorothy Semu. Othman aliwania urais Oktoba 2025 na hakutangazwa mshindi. Lakini chama kipo na kina viongozi waliopatikana kwa utaratibu.

Hapo ndipo ninapokataa wanaosema kwamba kiongozi wa kusisimua watu ni kipaji cha kuzaliwa, eti tusubiri Mungu alete mwengine. Raila hakuanza kupendwa kwa sababu ya vitendawili vyake jukwaani. Alikaa kizuizini karibu miaka minane enzi za Moi, na watu walijua. Joho naye alipendwa hapa kwa jambo kama hilo. Machi 2017 alipozuiwa na polisi njiani asifike Mtongwe kwenye hafla ya feri, hata wasiompenda walisimama naye. Watu humfuata aliyewahi kulipa gharama kwa ajili yao. Hotuba huja baadaye.

Sasa tuwapime tulio nao kwa mizani hiyo. Joho ana jina, ana mtandao, na amewahi kusimama. Lakini tangu 2024 ni waziri katika serikali ya Rais Ruto, pamoja na Mbadi, Wandayi na Oparanya. Nassir ni naibu kinara wa chama na gavana, na gavana yeyote anaitegemea Nairobi impelekee pesa za kaunti kwa wakati. Sifuna ana ulimi na anasema wazi kwamba hakubali chama kimezwe, lakini atahitaji zaidi ya ulimi kumshawishi mzee wa Garsen au mama wa Msambweni. Mzee Oburu ni mlinzi wa mlango, na nadhani yeye mwenyewe anajua hivyo. Winnie Odinga ana jina la baba yake, na jina si haba, lakini Ford-Kenya ilitufundisha kwamba jina pekee halimalizi ubishi.

Mgogoro wenyewe uko hapa. Machi 7, 2025, Raila na Ruto walitia saini mkataba wa mambo kumi. Ndani yake mna kuimarisha ugatuzi, fidia kwa walioumizwa kwenye maandamano, ukaguzi wa deni la taifa. Wako viongozi wa ODM wanaotaka chama kimuunge mkono Ruto 2027 moja kwa moja, na wako wanaotaka mgombea wao. Mimi sina ugomvi na kushirikiana na serikali. Bandari iko hapa, ardhi yenye utata iko hapa, na mtu hazungumzi na mlango uliofungwa. Ila naikumbuka 2019. Lilipotoka agizo la mizigo kupelekwa bara kwa reli, yadi ya makontena alikofanya kazi mdogo wangu ilifungwa miezi michache baadaye. Watu waliandamana mjini. Chama nilichokipigia kura kilikuwa kimeshikana mkono na serikali tangu Machi 2018, na sauti yake ilikuwa ya chini. Agizo lile lilikuja kuondolewa Septemba 2022, na aliyeliondoa ni Ruto, yule niliyepiga kura kumzuia. Tuseme kweli hata ikiwa chungu.

Mdogo wangu huyo hakupiga kura 2022. Nilimgongea mlango saa kumi na moja alfajiri, akaniambia, "Kaka, nenda wewe." Na hakuwa peke yake. Nchi nzima walijitokeza karibu asilimia 65. Mombasa, yenye wapiga kura zaidi ya 640,000 waliojiandikisha, hawakufika nusu. Ni kweli uchaguzi wa gavana uliahirishwa dakika za mwisho kwa kasoro za karatasi, na hilo liliwavunja watu moyo. Lakini fanya hesabu. Ruto alipata kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Waliobaki nyumbani Mombasa peke yake walizidi 320,000. Siwezi kusema wote wangempigia Raila. Nasema kwamba chama kiliita Mombasa ngome yake, na zaidi ya nusu ya ngome ililala.

Kwa hivyo vigogo wanapokaa hotelini kujadili nani atarithi, wajue kwamba hawarithi kura zetu. Kura si shamba la mnazi. Hazikuandikwa kwenye wasia.

Na sisi nasi tuache kungoja. Wakija mwakani, na watakuja wakiwa na fulana na misafara, kila baraza liwaulize maswali matatu. La kwanza: katika yale mambo kumi, lipi limetekelezwa Pwani, na ukiona halitekelezwi utajiuzulu lini? La pili: uchaguzi wa chama mashinani utafanyika lini, kwa daftari gani la wanachama, na nani atahesabu? La tatu: ukinyimwa tikiti, utabaki chamani? Tumeona wangapi walioingia kwa chungwa wakatoka kwa alama nyengine. Salim Mvurya alichaguliwa gavana wa Kwale kwa ODM 2013, na 2017 akarudi kwa Jubilee. Amason Kingi alimaliza mihula yake Kilifi akiwa ameanzisha PAA. Haki yao, lakini na sisi ni haki yetu kuuliza mapema.

Mgombea akijibu maswali hayo bila kutafuna maneno, awe ametoka Bondo, Bungoma au Bamburi, mimi nitamsikiliza hata kama hajui kutia kitendawili.

Jana usiku nilimweleza mzee wetu barazani kwamba nimeandika juu ya swali lake. Akauliza kama nimewaandikia wasomi au watu. Nikamwambia watu. "Basi mwambie mdogo wako asome," akasema, "halafu umuulize kama mara hii atafungua mlango."

Nimemtumia. Bado hajanijibu.