Mwasmini na Maradhi Yake



Ndugu zetu wa Nyalenda wametutaka tuuzungumzie mwasmini, mti ambao jamaa zetu wa pwani huupenda popote wanapohamia. Asili yake ni Bara Hindi. Majani yake hubaki mabichi mwaka mzima, na maua yake ni pambo la bibi harusi na kikuba cha mama. Lakini huku ziwani wengi hulalamika kuwa unawafia.

Ugonjwa wa kwanza ni majani kugeuka manjano. Sehemu nyingi za huku udongo ni mweusi wa mfinyanzi: wakati wa kiangazi hupasuka, na mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, hushika maji kwa siku nyingi. Mizizi ya mwasmini haistahimili kusimama majini. Huoza, na majani yakanyauka ilhali udongo umelowa. Mwenye mti hudhani una kiu, akauongezea maji, akaumaliza. Basi na upandwe juu ya tuta la shubiri mbili, au katika debe lililotobolewa chini, kwa mchanganyiko wa udongo, mchanga na samadi iliyokwisha kuoza. Kabla ya kumwagilia, tia kidole katika udongo. Ukiona bado una unyevu, ngoja. Maji wengi wetu huyanunua kwa mtungi, na tumekatazwa israfu hata katika udhu. Maji ya udhu yakikingwa katika beseni, yanautosha.

Ugonjwa wa pili ni kukosa maua. Nyumba zetu zimebanana, na mti uliofichwa nyuma ya ukuta hutoa majani matupu. Uhamishieni mahali penye jua la saa 6 kwa siku. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi, nayo huleta majani mengi na maua machache. Kila maua yanapokwisha, pogoeni matawi, kwa kuwa matumba hutoka kwenye machipukizi mapya.

Ugonjwa wa tatu ni vidukari, na wadudu weupe mfano wa pamba. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, tazama chini ya majani. Wanafuata utamu unaotoka kwa wadudu hao. Hapa ndipo tunapowaomba wazazi watusikilize kwa makini. Wako wanaoomba sumu ya shambani, wakaitia katika chupa ya soda, wakaunyunyizia mti huu. Ua hilo hilo jioni hutiwa nyweleni na kutandazwa kitandani, na mtoto hulinusa. Na chupa iliyobaki uvunguni, mtoto ataijuaje kuwa si kinywaji? Kumlinda ni amana tutakayoulizwa.

Dawa salama ipo jikoni: kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji safi. Nyunyizeni jioni, jua likiisha kupungua, hasa chini ya majani. Asubuhi msuuze kwa maji matupu. Rudieni baada ya siku 5 au 6 mpaka wadudu waishe, na maua ya siku hizo msiyavae. Tawi lililojaa wadudu likatwe, litupwe mbali.

Mwenye sumu ya namna hiyo nyumbani, aitoe leo mahali watoto wanapoweza kuifikia. Mwasmini ukifa, kijiti kingine hupandwa.

Wabillahi tawfiq.