Askofu na Paroko katika Ufaransa ya Wafalme

Tumezoea kufundisha kwamba Ufaransa ya kabla ya 1789 ilikuwa na matabaka matatu: wakleri, makabaila, na wananchi wengine wote. Kisheria ndivyo ilivyokuwa. Lakini tukitazama kwa makini twaona ufa mwingine, nao ulipita katikati ya Kanisa lenyewe.

Maaskofu, karibu wote, walitoka katika koo za makabaila. Mapato ya jimbo tajiri kama Strasbourg yalihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya livre kila mwaka. Paroko asiye na fungu lake mwenyewe aliwekewa livre 700, na hizo baada ya kuongezewa mwaka 1786. Fungu la kumi walilotoa waumini wake mara nyingi lilikwenda kwa abasia au kwa makanoni ambao kijiji hakikuwahi kuwaona. Hata hivyo wote wawili, askofu na paroko, walihesabiwa katika tabaka la kwanza, lisilolipa taille; kodi hiyo ilimlemea mkulima.

Husemwa kwamba Mapinduzi yalianza kama vita vya watu dhidi ya Kanisa. Hatukubali. Katika Baraza la Matabaka huko Versailles, wakleri waliochaguliwa walikuwa wengi wao maparoko. Tarehe 13 Juni 1789 watatu kati yao, wenyeji wa Poitou, waliwaacha wenzao wakaenda kuketi na Tabaka la Tatu. Hawakutumwa na askofu yeyote. Bei ya mkate waliijua, kwa kuwa waliununua sokoni pamoja na waumini wao.