Swali la Mtoto wa Mchungaji

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alibaki darasani baada ya wenzake kutoka. Nilidhani anataka kuongezewa muda wa kukamilisha kazi yake ya muhula. Kumbe alitaka kujua kama mimi ninafahamu ninaishi kwa ajili ya nini. Yeye, alisema, anasali, anafunga, anahudhuria mikesha, na bado akiamka asubuhi haoni sababu ya kuianza siku. Nilimjibu maneno ya vitabuni. Akasema, "Asante, mwalimu," kwa adabu, akaondoka, nami nikajua kwamba sijamjibu.

Swali lile si lake peke yake. Vyuo vyetu vinahitimisha vijana wengi kuliko ajira zilizopo, na vijana haohao huenda kwenye nyumba za ibada kuhubiriwa habari ya "kusudi la maisha". Sina ugomvi na neno hilo. Ugomvi wangu ni na maana iliyopachikwa juu yake. Kusudi limekuwa gari, nyumba, viza na cheo, na Mungu amegeuzwa kuwa wakala wa ajira. Asiyevipata huambiwa imani yake ni haba. Kijana wa namna hiyo hukosa kazi, kisha akanyang'anywa hata faraja ya kumlilia Mungu.

Laiti ningekuwa mwepesi wa kufikiri siku ile, ningemsimulia habari za Denis Mukwege, tabibu wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, na mtoto alizoea kufuatana naye kuwaombea wagonjwa. Siku moja walimwombea mtoto aliyekuwa mahututi, kisha wakaondoka. Denis akamuuliza baba yake kwa nini hakumpa mgonjwa yule dawa. Baba akajibu kwamba yeye si mganga. Mtoto akaamua kuwa yeye atakuwa mganga: baba aombe, naye atibu. Tazama kwamba hakuikana imani ya baba yake. Aliichukua kwa uzito kuliko walivyozoea watu wazima.

Swali hilo la mtoto linanichoma kwa sababu nililipata mimi pia, ukubwani. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katika kikundi cha kanisa kilichotembelea wagonjwa kila Jumamosi. Tuliingia wodini na sare zetu, tukaimba, tukaomba, tukapiga picha. Siku moja mzee aliyevunjika nyonga alisubiri kwa subira nimalize kumwombea, akasema, "Amina, mwanangu. Sasa nisogezee hicho kidumu cha maji." Kidumu kilikuwa miguuni pa kitanda. Mabomba ya wodi ile yalikuwa makavu, kwa hiyo ndugu walileta maji kutoka nyumbani. Muda wote nilipokuwa nimefumba macho nikimtakia mema, yeye alikuwa na kiu, na maji yalikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama.

Nawasikia wenzangu wa idarani wakinikemea kwamba huduma za namna hii huibembeleza serikali: raia wakibeba maji, nani ataona haja ya kutengeneza bomba? Hoja hii ni nzito, na wanaoipuuza kwa kisingizio cha utu wema wanakosea. Lakini mara nyingi naiona ikitumiwa na watu wasiobeba maji wala wasiodai bomba, nami nimewahi kuwa mmoja wao.

Mukwege hakutenganisha mambo hayo mawili. Hospitali ya Lemera, alikokuwa akifanya kazi, ilishambuliwa mwaka 1996, wagonjwa na watumishi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi akikusudia kuwazalisha akina mama salama. Mgonjwa wa kwanza kupokewa alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Alishona majeraha miaka mingi, hadi alipoona wanaletwa mabinti wa wale aliokwisha kuwatibu. Ndipo akatambua kwamba uovu ule hauwezi kumalizwa katika chumba cha upasuaji. Septemba 2012 alisimama Umoja wa Mataifa kuwashutumu wanaonyamazia vita ile. Mwezi uliofuata watu wenye silaha walivamia nyumbani kwake, wakamuua mlinzi wake. Yeye akanusurika na kukimbilia Ulaya pamoja na familia yake.

Sehemu ya habari hii ninayoipenda zaidi si Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, wala kuwania kwake urais mwaka 2023, ambako alipata kura chache mno. Ni wanawake wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Watu maskini kabisa, wauzaji wa nanasi na vitunguu, waliamua kuchanga senti zao wamnunulie tiketi ya ndege arudi. Januari 2013 akarudi. Hakuna aliyekuwa amewaahidi wanawake wale gari wala viza. Walimhitaji tabibu wao, wakamwomba Mungu, wakaenda sokoni.

Nimemtafuta mwanafunzi yule, nikamwomba radhi kwa jibu langu la kwanza, nikamsimulia haya yote pamoja na aibu yangu ya kidumu. Hakuniambia kwamba ameridhika. Aliuliza tu Jumamosi tunaingia wodini saa ngapi. Amekwisha kuja mara tatu, na mara ya pili aliniuliza kwa nini mabomba hayajatengenezwa miaka yote hii. Tukaandika barua kwa uongozi wa hospitali, tukaisaini sote wawili pamoja na ndugu kumi na mmoja wa wagonjwa. Haijajibiwa. Juzi tumepeleka ya pili.