Herufi Moja, na Mama Asiye na Kosa



Mtoto akichelewa kukaza shingo, akachelewa kuketi, na mwaka wa tatu ukamkuta hajatamka neno, mitaani mwetu macho yote humwelekea mama. Alikula nini alipokuwa na mimba? Mbona alitoka nje wakati wa magharibi? Na akiwa ameolewa na binamu yake, hukumu imekwisha kutolewa. Wiki hii twataka kumtetea mama huyo, kwa jambo ambalo wataalamu walilibainisha mwaka 2015.

Katika kromosomu ya 6 ya kila binadamu mna jeni iitwayo PPP2R5D. Protini nyingi mwilini huamshwa na kutulizwa kwa kubandikwa fosfati na kubanduliwa, na kimeng'enya kiitwacho PP2A ni miongoni mwa wabanduaji. Kina sehemu tatu: mhimili, sehemu ibanduayo, na sehemu iongozayo. Hii ya tatu ni kama rubani aingizaye chombo bandarini. Pasipo yeye chombo kina nguvu lakini hakijui mlango. Jeni hiyo ndiyo imwundayo rubani mmojawapo, atumikaye sana katika ubongo.

Rubani huyo ameungwa kwa shanga 602 zilizotungwa uzi mmoja. Badiliko lionekanalo zaidi huangukia shanga ya 198, kwa kugeuka herufi moja tu ya jeni. Mwili hulegea, kichwa mara nyingi huwa kikubwa, usemi na uelewa huchelewa. Baadhi hupata kifafa au usonji.

Kwa watoto karibu wote, badiliko hilo halikurithiwa. Huzuka upya, yai au mbegu inapoundwa, au mimba inapoanza; wazazi wakipimwa, kwa kawaida hawakutwi nalo. Ndoa ya binamu huongeza hatari ya maradhi yahitajiyo nakala mbili zenye kasoro, moja kwa kila mzazi. Hapa yatosha moja. Dua hatuzikatazi, hasha. Tunalolikataa ni kumdhulumu mke kwa tuhuma.

Kipimo ni kusoma jeni za mtoto na kuzilinganisha na za wazazi wote wawili. Dawa ya kuirekebisha jeni hiyo haijapatikana, lakini mazoezi ya viungo na ya usemi hayangojei jina la ugonjwa: mpelekeni mtoto kliniki mapema. Nanyi mama wakwe msomao safu hii, mazoezi hayo humchukua mkaza mwana asubuhi nzima. Mpokeeni wale watoto wengine.