Aproni Si Vazi la Aibu

Ipo dharau moja niliyoiona katika miaka yote ya ualimu wangu, nayo ni dharau ya aproni. Mwalimu akivaa tai, wazazi humwamkia kwa heshima. Akivaa aproni ya turubai iliyopakaa udongo, huulizwa siku hizi ana shida gani.

Tumehubiri Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967. Mwaka 2024 tukaanzisha mkondo wa amali katika shule za sekondari. Ni jambo jema. Lakini hebu tujiulize: mtoto atapendaje kazi ya mikono iwapo vazi la kazi hiyo ni aibu machoni pa mwalimu wake? Naijua shule moja ambako fedha za majoho ya mahafali zilipatikana upesi, na aproni za karakana zikaambiwa zisubiri. Joho huvaliwa siku moja. Aproni huvaliwa kila siku ya kazi.

Tena aproni si pambo. Udongo wa mfinyanzi una silika. Ukikauka juu ya nguo hugeuka vumbi laini, na vumbi hilo likivutwa kwa miaka mingi huleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Kwa hiyo aproni ya mfinyanzi haikung'utwi. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji, ikafuliwa mara kwa mara, na haiendi nyumbani kupakatia mtoto. Kwa mchomeleaji, cheche ikiangukia nailoni, nguo huyeyuka na kugandia ngozini. Pamba haiyeyuki, ingawa kwa moto mkali aproni ya ngozi ni bora zaidi.

Watasema ni ghali. Fundi cherehani yeyote mwenye sindano nene anaweza kuishona: mishono miwili pembeni, mikanda ipishane mgongoni ili uzito ukae mabegani badala ya shingoni, na kwa anayetumia gurudumu, ipasuliwe katikati ili kila paja lifunikwe. Pamba tunalima wenyewe Shinyanga na Simiyu, na sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa ghafi. Kisha tunalalamika kwamba turubai ni ghali!

Wengine watanikumbusha akina mama wa Kikisi wa Ziwa Nyasa, waliorithishana ufinyanzi kizazi hata kizazi bila karakana wala sare. Ni kweli. Lakini anayefinyanga uani hupata upepo unaopeperusha vumbi. Mwanafunzi wetu tunamfungia katika chumba chenye madirisha mawili, pamoja na wenzake 40, halafu tunamwambia avumilie kama bibi yake.

Wakuu wa shule, mkikaa kupanga bajeti, andikeni aproni moja kwa kila mwanafunzi wa amali, kabla ya majoho. Na ya kwanza kabisa aivae mwalimu, mbele ya wazazi.